Nyigu Mdogo ni Mfanyakazi Mwenzetu



Hapa Rebero, Kigali, wenzetu wa mashamba ya kahawa wanatuuliza: je, kila anapoonekana mdudu ni lazima tubebe bomba la sumu mgongoni? Jibu letu ni hapana, na ushahidi uko kwa majirani zetu wa Kenya.

Mwaka 1923 kahawa ya Kenya ilivamiwa na vidung'ata, wadudu weupe kama waliopakwa unga, wanaofyonza maji ya mti. Wataalamu walikosea kumtambua mdudu huyo, wakamtafutia adui katika nchi za mbali bila mafanikio. Walipomtambua sawasawa, adui wake alikutwa karibu tu, Uganda: nyigu asiyefika hata milimita 3. Mwaka 1938 nyigu hao waliletwa Kenya, wakalelewa kwa wingi na kuachiliwa mashambani.

Nyigu huyu hadungi mtu. Jike hutaga yai ndani ya kidung'ata. Mtoto akianguliwa humla kidung'ata kutoka ndani mpaka libaki ganda kavu, kisha hutoboa tundu na kuruka. Kufikia 1959 ilikadiriwa kwamba Kenya imeokoa pauni milioni 10, na gharama haikuzidi pauni 30,000.

Lakini kazi ya nyigu huharibiwa na wawili. Wa kwanza ni sisimizi, wanaowalinda vidung'ata kwa sababu ya utamu wanaoutoa. Ndiyo maana mashina yalizungushiwa ukanda wa grisi. Wa pili ni sumu. Sumu inayoua kila mdudu humwua nyigu pia. Vidung'ata wakirudi hawana wa kuwazuia, na kapita anaagiza sumu tena. Mapafu yanayoivuta ni yetu.

Basi tufanye hivi. Kabla ya kupiga dawa, tukague matawi. Tukiona maganda makavu yenye tundu, tumwambie kapita kwamba nyigu yuko kazini, aulizwe agronomu kwanza. Ikibidi kupiga, tudai glavu, mabuti na kinga ya pua. Mkataba Na. 184 wa ILO, wa mwaka 2001, unasema mfanyakazi wa shamba ana haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, na ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu.

Akisema mmoja, ataitwa mvivu. Tukisema sote, ni chama kimesema.