Lawley: injini ndogo ya mvuke iliyofungua njia ya Beira

Wasafirishaji wanaopitisha mizigo bandari ya Beira, Msumbiji, kwenda Zimbabwe wanaifahamu njia ya Machipanda. Wasiojulikana sana ni waanzilishi wake: injini ndogo za mvuke zilizoitwa Lawley, zilizokimbia juu ya reli yenye upana wa milimita 610 tu. Habari zake zinamhusu kila anayelipia gharama za kuhamisha mzigo njiani.

Kwa nini reli nyembamba?

Ujenzi ulianza mwaka 1892 huko Fontesvila, kando ya mto Pungwe, chini ya mkandarasi George Pauling. Injini zilipewa jina la msaidizi wake, Alfred Lawley. Fedha zilikuwa chache, bonde lilifurika kila masika, na malaria iliua wafanyakazi wengi. Reli nyembamba ilihitaji tuta dogo na mataruma mafupi, tena iliweza kupinda kona kali. Kwa hiyo ilijengwa kwa haraka na kwa bei nafuu.

Mwanzoni mizigo ilipandishwa mto kwa vyombo vya maji kutoka Beira, kisha ikapakiwa kwenye mabehewa Fontesvila. Kipande cha kufika Beira kilikamilika mwaka 1896. Februari 1898 reli ilifika Umtali, ambayo leo ni Mutare. Mji huo wenyewe ulihamishwa ng'ambo ya pili ya milima ili uifuate reli.

Kazi ya Lawley

Kati ya 1895 na 1898 reli ya Beira ilipokea injini 42 za aina hii, zilizotengenezwa Uingereza katika viwanda vya Loughborough na Glasgow. Kila moja ilikuwa na magurudumu manne madogo mbele ya kuiongoza na manne makubwa ya kuvuta, pamoja na behewa lake la maji na kuni au makaa. Zilikuwa nyepesi, hivyo hazikuvunja reli dhaifu. Lakini wepesi huo huo ulizifanya zivute mzigo mdogo.

Tatizo likaonekana mpakani. Reli ya kutoka Umtali hadi Salisbury, sasa Harare, iliyofika huko mwaka 1899, ilikuwa na upana wa milimita 1,067. Behewa la Beira halikuweza kuendelea mbele. Kila gunia na kila sanduku lilishushwa Umtali na kupakiwa upya. Mwaka 1900 njia yote ya Beira ikabadilishwa kuwa ya milimita 1,067, na Lawley zikakosa kazi miaka michache tu baada ya kununuliwa.

Maisha ya pili

Hazikutupwa zote. Baadhi zilitumika kwenye reli nyembamba ya kwenda machimbo ya dhahabu kaskazini magharibi ya Salisbury. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Afrika Kusini lilichukua 13 kuziba pengo la injini zilizopelekwa Afrika Kusini Magharibi, sasa Namibia. Baadaye shirika la reli la nchi hiyo likazipa daraja la NG6.

Lawley moja, namba BR7, imekarabatiwa na kurudishwa relini katika shamba la Sandstone karibu na Ficksburg, Afrika Kusini, jirani na mpaka wa Lesotho. Kutunza injini ya namna hii ni gharama. Boila lazima likaguliwe na kupimwa kwa shinikizo kabla ya kuwashwa moto, na vipuri visivyouzwa tena hutengenezwa upya karakanani.

Somo kwa leo

Tofauti ya upana wa reli bado ipo kwetu. Kidatu, Tanzania, reli ya TAZARA ya milimita 1,067 inakutana na reli ya kati ya milimita 1,000. Nchini Kenya, reli ya kisasa ya milimita 1,435 inakabidhi mizigo ya Uganda kwa reli ya zamani eneo la Naivasha. Kabla ya kukubali bei ya reli, uliza mzigo utahamishwa mara ngapi, nani analipia, na nani anawajibika ukiharibika.