Asidi ya Betri Hailainishi Bamba

Kuanzia Dilolo hadi Kolwezi swali ni lile lile, anabadilika mwulizaji tu: nichanganye asidi ya betri kiasi gani ili vipande vyangu ving'ae na kuwa laini? Huyu anapiga rondela, yule bawaba za milango, mwingine sahani za shaba za ukutani zenye sura ya tembo. Presi zao nyingi zimeundwa kwa vyuma chakavu na jeki ya lori, na sina ubaya nazo. Presi ya namna hiyo inaweza kutoa kazi safi. Tabu ni kwamba vipande vinatoka na mikwaruzo, vipele na kingo zinazokata vidole, kisha mwenyewe anakimbilia dumu la asidi. Habari ya kalibu haulizi mtu.

Na kalibu ndiyo yenye habari yote. Kipande kilichopigwa ni nakala yake. Ikiwa na mkwaruzo mmoja, rondela mia tano zitatoka na mkwaruzo huo huo, mahali pale pale. Itazame sarafu ya Katanga ya mwaka 1961, ile ya faranga 5 yenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Ndizi zile zilichongwa kinyume ndani ya chuma kigumu, na kila kosa la mchongaji lingebaki kwenye kila sarafu. Wanaopiga sarafu maalumu za wakusanyaji hung'arisha kalibu mpaka ujione usoni mwake, wakang'arisha na kipande kitupu, kisha wakakipiga zaidi ya mara moja. Baada ya pigo la mwisho hakuna anayekisugua. (Ukiikuta sarafu hiyo ya 1961 katika sanduku la babu, tafadhali usiioshe kwa chochote. Mnunuzi anailipia ile rangi ya uzee.)

Najua imani ya asidi ilikotoka. Lualaba tunaishi nayo. Malori yake yanapita barabarani kila siku, na kila mtu ana ndugu au jirani aliyefanya kazi kiwandani, ambako madini ya kijani, malakiti, humwagiwa asidi ya salfa yakageuka maji ya buluu. Mtu akishaona jiwe zima linayeyuka, anahitimisha kwamba mkwaruzo nao utayeyuka. Hapo ndipo anapopotea. Kinachoyeyuka kwenye malakiti ni shaba iliyokwisha kuungana na oksijeni na kaboni. Shaba safi, ile nyekundu, asidi ya salfa iliyopunguzwa kwa maji inaigusa kwa shida sana, na asidi ya betri ni ya jamii hiyo: takriban asilimia 37, iliyobaki ni maji. Ukizamisha sahani yako humo, kinachovuliwa ni ule utando wa kahawia. Kwenye bamba lililokaa ghalani utando huo mara nyingi haufikii hata mikroni moja, wakati mkwaruzo unaonasa ukucha una kina cha mikroni kadhaa. Utando umetoka, mtaro umebaki, na kwa kuwa uso sasa unang'aa, mtaro unaonekana vizuri kuliko mwanzo.

Halafu linakuja lalamiko la pili: sahani imekuwa ya waridi. Bila shaka. Shaba iliyopitishwa motoni huwa na tabaka mbili za oksidi, nyeusi juu na nyekundu chini. Nyeusi inayeyuka yote. Nyekundu inagawanyika: sehemu inaingia kwenye asidi, sehemu inarudi kuwa shaba, unga laini sana uliotapakaa juu ya kipande. Pangusa kwa kitambaa cheupe utauona. Siku chache za hewa ya masika, na asidi iliyobaki bila kusuuzwa, zinatosha kuurudisha kuwa kahawia, tena upesi kuliko bamba ambalo halikuguswa. Fundi akiona hivyo anaongeza asidi.

Ndoo yenyewe ya asidi ni ushahidi. Karakana nyingi zina ndoo moja ya kila kazi. Asubuhi zimeoshwa sahani za shaba, maji yameshika ubuluu. Mchana zinazamishwa bawaba za chuma, zinatoka na madoa mekundu, na mwenye karakana anaapa kwamba ameuziwa chuma feki. Hakuuziwa. Chuma kimeyeyuka kidogo, na shaba iliyokuwa ndani ya maji imekalia nafasi yake. Migodi ya zamani ilivua shaba kwa njia hiyo hiyo, kwa kutupa vyuma chakavu katika maji yake. Shaba ya njano nayo, ikishikwa kwa koleo ya chuma humo ndani, hutoka na ngozi nyekundu ambayo hakuna mteja aliyeiagiza.

Lakini kosa linaloniudhi kuliko yote ni la rondela za springi na vibanio vya chuma kilichotiwa ugumu. Asidi ikila chuma hutoa hidrojeni, na sehemu ya hidrojeni hiyo inapenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kigae. Kipande kinatoka kizuri, kinafungwa kwenye mashine, kinakaa na mzigo wake saa kadhaa au siku kadhaa, kisha kinakatika bila kupinda hata kidogo. Aliyekifunga atamlaumu aliyekaza boliti.

Afya sitaizungumzia kwa urefu, maana mtu mzima anayemimina asidi kwa mikono mitupu karibu na watoto ameshaonywa na wengine. Nitasema tu kwamba asidi iliyotolewa kwenye betri kuukuu ina risasi ndani yake, na risasi haionekani wala hainuki. Na wanaosema asidi tumeizoea wakumbuke Februari 2019 karibu na Tenke, lori la asidi lilipopata ajali na watu wengi wakapoteza maisha. Asidi ile haikujua nani ameizoea.

Ndimu na chumvi? Ni asidi pia, dhaifu zaidi. Inavua utando na kuacha kloridi inayozaa ukijani baadaye. Soda ya Coca-Cola nayo ni asidi dhaifu, isipokuwa ni ghali. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia, itang'arisha pete ya arusi, haitafuta alama ya kalibu.

Sasa kazi yenyewe, na nitakwenda haraka kwa sababu haina siri.

Anza na bamba. Kathodi za shaba za Kolwezi zinapita Dilolo kwa reli kwenda Lobito, na mabamba tunayopiga yanarudi kutoka nje yakiwa yameviringishwa huko, yakasuguana safari nzima. Dai karatasi au plastiki kati ya bamba na bamba, na usiliburute sakafuni. Vumbi letu la kiangazi lina chembe za kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Shaba ni 3. Chembe moja ikibaki kati ya bamba na kalibu inapiga shimo katika kipande na, ukiendelea, katika kalibu yenyewe. Kitambaa chenye unyevu kabla ya kila pigo ni bei nafuu kuliko chochote kinachouzwa dukani.

Vipele vinavyofanana na ganda la chungwa havitoki kwenye kalibu. Vinatoka kwenye moto. Mafundi wengi hulainisha shaba kwa makaa na feni mpaka inawaka rangi ya chungwa, wakidhani moto mwingi ni ulaini mwingi. Joto likizidi, chembe za ndani za shaba zinakua, na bamba likivutwa kila chembe inainuka kivyake. Wekundu hafifu, unaoonekana kivulini tu, unatosha. Kisha zamisha kwenye maji, shaba haidhuriki. Anayenunua shaba ya njano kwa kazi ya kuvuta na kung'arisha aombe yenye chembe ndogo, milimita 0.015 hadi 0.035. Ikipita 0.05 jiandae kusugua sana.

Mafuta: acha yale machafu ya injini. Yana masizi na unga wa chuma, na baadhi ya viungo vyake vyenye salfa vinatia shaba weusi. Mawese yanafaa kabisa. Viwanda vya chuma vya Ulaya vilitumia mawese kuviringisha mabamba membamba. Sharti ni kuyaosha kwa maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo, kwa sababu yakichacha yanakula shaba na kuacha ukijani.

Kalibu ya kukatia: nafasi kati ya dume na jike iwe asilimia 5 hadi 10 ya unene wa bamba kila upande, yaani kwa bamba la milimita 1, milimita 0.05 hadi 0.1. Makali ya ukingoni yakizidi sehemu ya kumi ya unene, noa. Usihamie kwenye tupa. Kalibu ya kuvuta: msasa wa 400, wa 600, wa 1000, kisha kitambaa na dawa ya kung'arishia, ukimalizia kuelekea bamba linakoteleza, si kukatisha. Ukiona chuma kimegandamana kwenye kalibu kama donge, kiondoe kwa jiwe la mafuta kabla ya kipande kinachofuata.

Kwa vipande vidogo vingi, pipa linalozungushwa na mota, lenye maji ya sabuni na kokoto za mto zilizo mviringo, litaondoa makali yote kwa saa chache ukiwa unafanya kazi nyingine. Lijaze nusu, kokoto ziwe mara tatu ya vipande, lizunguke polepole. Likienda mbio kila kitu kinang'ang'ania ukutani na hakuna kinachosuguana. Sahani kubwa ni gurudumu la kitambaa kwenye mota. Mwisho suuza, kausha kabisa kwa pumba za mbao, paka nta au vanishi ya wazi kabla hujazigusa kwa vidole.

Yeyote atakayeniuliza tena kuhusu asidi sitamjibu. Mwenye swali la kweli alete vitu vitatu: kipande kilichoharibika, kipande cha bamba lile lile kabla halijapigwa, na kalibu yenyewe, ikiwa haijapanguswa.