Kinachoangusha Hataza Mbele ya Rufaa

Wakulima wa Kiritiri hupanda mukau kwa mbao zake zisizoshindwa na mchwa, na majani yake yametumika Mbeere kuwaondolea mbuzi kupe na viroboto. Mukau ni wa ukoo mmoja na mwarobaini, na mwarobaini ulishafikishwa mbele ya waamuzi. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wapinzani walilalamika kwamba maarifa ya wakulima wa India yameibwa, tena kwamba jambo lenyewe si geni. Lalamiko la kwanza liligusa mioyo; la pili ndilo lililoshinda. Meneja wa kiwanda kutoka India alieleza jinsi alivyokwisha kuitumia njia kama hiyo kabla ya ombi kuwasilishwa. Hataza ikafutwa Mei 2000, wenye hataza wakakata rufaa, na tarehe 8 Machi 2005 rufaa ikatupwa.

Uchungu wa mlalamikaji, hata ukiwa wa haki, haufuti hataza. Waamuzi hushika dai mojamoja la hataza na kuuliza: lilijulikana kabla ya siku ya ombi? Kama halikujulikana, je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo angelifikia bila kuumiza kichwa? Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 inauliza hayo hayo. Wapo wanaodhani kwamba maarifa ya mdomo hayahesabiki. Kwetu yanahesabika: kilichosemwa au kutumiwa hadharani popote duniani kinatosha, hata kisipoandikwa. Lakini kusema "nyanya zetu walijua" hakutoshi. Majani yaliyosuguliwa kwenye mbuzi hayaangushi dai la dawa iliyochujwa kwa njia nyingine kabisa, na ni sawa iwe hivyo, kwa maana aliyebuni kweli asinyang'anywe jasho lake. Ushahidi wenye nguvu hutaja nani alifanya, wapi, lini na kwa namna gani, hatua kwa hatua. Basi vijana wa Kiritiri, kaeni na wazee wanaoujua mukau, andikeni wanayoyasema na mtie tarehe. Msichelewe, kwa maana anayetaka hataza ifutwe na Jopo la Mali ya Viwandani ana miezi 9 tu tangu ilipotangazwa.