Ugonjwa wa pili unapojificha nyuma ya wa kwanza

MGONJWA akishatajiwa jina la ugonjwa wake, ndugu hushusha pumzi. Angalau adui amejulikana na dawa zinaanza. Lakini yapo maradhi ya ubongo ambayo jina moja halitoshi. Mtu mmoja anaweza kuwa nayo mawili kwa wakati mmoja, au la pili likamjia baadaye, likadhaniwa ni lile la zamani limerudi.

Haya ni maradhi yanayotokea pale kinga ya mwili inapomgeuka mwenyewe. Kwa kawaida kinga hutengeneza kingamwili za kupambana na virusi na bakteria. Kwa baadhi ya watu hukosea, ikatengeneza kingamwili zinazoshambulia ubongo, uti wa mgongo au mishipa ya fahamu ya macho.

Maradhi matatu kati ya hayo ndiyo yanayohusika hapa.

La kwanza ni ensefalitisi ya NMDA, iliyoelezwa mwaka 2007 na Dk Josep Dalmau na wenzake nchini Marekani. Wagonjwa wao wa mwanzo walikuwa wanawake wenye uvimbe uitwao teratoma, ambao kwa kawaida huota kwenye ovari. Mgonjwa huanza kwa kuumwa kichwa au homa, kisha husikia sauti, huwa na hofu na huongea yasiyoeleweka. Baadaye hupata degedege, mdomo huchezacheza wenyewe, na anaweza kushindwa hata kupumua. Asiyejua husema ni mapepo.

La pili ni nyuromayelitisi optika, kwa kifupi NMO. Mfaransa Eugène Devic aliueleza mwaka 1894, lakini kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa aina ya ugonjwa mwingine, maltipo sklerosisi. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani na wenzao waligundua kingamwili yake, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba inashambulia akwaporini-4, protini inayopitisha maji kwenye seli. NMO hupofusha macho, hupoozesha miguu, na wakati mwingine huleta kwikwi na kutapika kwa siku kadhaa mfululizo. Huwapata zaidi wanawake, na watu wenye asili ya Afrika huugua zaidi kuliko Wazungu.

La tatu hutokana na kingamwili dhidi ya MOG, protini iliyo juu ya ganda linalofunika nyuzi za fahamu, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Nalo hushika macho na uti wa mgongo, na watoto hawasalimiki.

Mawili ndani ya mtu mmoja

Mwaka 2014 Dk Maarten Titulaer, Dk Dalmau na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 691 wa ensefalitisi ya NMDA. Kati yao, 23 walikuwa pia na dalili au picha za MRI zinazoonyesha ganda la nyuzi za fahamu limeshambuliwa. Hao ni kama watatu katika kila 100. Kwa 12 kati yao maradhi hayo yalikuja kwa nyakati tofauti. Kwa 11 yalikuja pamoja. Baadhi walikutwa na kingamwili za akwaporini-4, wengine za MOG.

Idadi ni ndogo, lakini gharama ya kukosea ni kubwa. Wagonjwa wengi wa ensefalitisi ya NMDA wanaotibiwa mapema hupata nafuu nzuri, na wapo wanaofika mahali wakaacha dawa. NMO haiendi hivyo. Kila shambulio linaweza kuacha upofu au ulemavu, hivyo mgonjwa huhitaji dawa za kuzuia kwa muda mrefu. Aliyepona wa kwanza huku wa pili haujaonekana anaweza kuamka siku moja haoni.

Kinyume chake pia ni kweli. Mgonjwa wa NMO akianza kuona visivyokuwepo, ndugu husema ni msongo wa mawazo, na daktari anaweza kudhani ni steroidi, kwa sababu dawa hizo kweli huweza kuvuruga akili. Ikiwa ni ensefalitisi ya NMDA na haikupimwa, hata uvimbe wa ovari unaohitaji upasuaji utabaki tumboni.

Jina la ugonjwa nalo lina uzito wake. Baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi huzidisha NMO badala ya kuituliza.

Faili livuke mpaka pamoja na mgonjwa

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hatari huongezeka. Anaweza kutibiwa macho Busia, akalazwa Kampala kwa kuchanganyikiwa, kisha miguu ikafa ganzi akiwa Mwanza. Kila hospitali huona kipande kimoja tu.

Mwenye mzigo hasafiri bila karatasi zake, na mgonjwa naye asisafiri bila zake. Zinazohitajika ni muhtasari wa kutoka hospitalini, picha za MRI, majibu ya damu na ya maji ya uti wa mgongo yakionyesha ni kingamwili gani ilipimwa na lini, pamoja na orodha ya dawa na vipimo vyake.

Dawa za safari zizidi siku za safari, maana lori linaweza kukwama mpakani. Steroidi zilizotumika kwa muda mrefu hazikatishwi ghafla. Kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha. Na kwa kuwa dawa hizi hupunguza nguvu ya kinga, homa au kikohozi kisichoisha kipelekwe hospitali mapema.

Dalili ikiwa ngeni, isiyofanana na za mwanzo, swali la kumuuliza daktari ni hili: je, huu ni ule ule, au kuna mwingine?