Wanamgambo Wakiweka Silaha Chini, Nani Anabaki na Njia ya Dawa za Kulevya?

Mara kwa mara tunasikia kwenye habari kuwa wanamgambo wa nchi fulani wamesalimisha silaha. Bunduki hurundikwa, picha hupigwa, watu hupongezana. Mimi nilikuwa karani hadi nilipostaafu hapa Maskati, na swali langu ni la kikarani: mtu akishafutwa jina kwenye daftari, riziki yake itatoka wapi kuanzia mwezi ujao?

Jibu baya kuliko yote lilipatikana Kolombia. Huko wenye mashamba na mifugo waliwalipa watu wenye silaha ili wawalinde dhidi ya waasi wa FARC na wenzao. Mwaka 1997 vikundi hivyo viliungana vikaitwa AUC. Walijiita walinzi wa raia, ilhali waliua wanavijiji kwa maelfu, na fedha zao nyingi zilitokana na kokeini. Walianza kwa kutoza ushuru kwenye biashara hiyo, kisha wakaiendesha wenyewe.

Mwaka 2003 walikubaliana na serikali ya Rais Álvaro Uribe kuvunja vikosi vyao. Kufikia 2006 zaidi ya watu 30,000 walikuwa wamejisalimisha. Mei 2008 viongozi 14 walipelekwa Marekani kushitakiwa kwa biashara ya dawa za kulevya.

Wakubwa waliondoka, lakini mashamba ya koka, maficho ya porini, boti na maafisa waliozoea kuhongwa vilibaki. Makamanda wa daraja la kati walivijua vyote hivyo, na wanunuzi wa Marekani na Ulaya walikuwa bado wanasubiri. Basi wakakusanyana upya kwa majina mengine. Kundi kubwa kati ya hayo linaitwa Clan del Golfo, yaani Ukoo wa Ghuba. Ghuba yenyewe ni ile ya Urabá, karibu na Panama, si hii yetu.

Mtazameni kiongozi wake, Dairo Antonio Úsuga, maarufu kwa jina la Otoniel. Ujanani alikuwa mwasi wa mrengo wa kushoto, na kundi lake likaweka silaha chini mwaka 1991. Akahamia kwa wanamgambo, maadui wa waasi, akajisalimisha tena mwaka 2005. Baadaye akaongoza genge la kokeini. Alikamatwa Oktoba 2021, akapelekwa Marekani, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 45. Mara mbili alikabidhi bunduki, na mara zote mbili alirudi kwenye silaha. Hata baada ya yeye kufungwa, kundi lake halikufa.

Sisi hapa Oman tuna mfano tofauti. Vita vya Dhofar vilipokuwa vikiendelea, Sultan Qaboos, baada ya kushika madaraka Julai 1970, alitoa msamaha kwa waasi. Waliojisalimisha waliundwa kuwa vikosi vilivyoitwa firqa, wengi wao wakipangwa kwa kabila, wakilinda milima yao wenyewe. Vita vilipotangazwa kwisha Desemba 1975, serikali haikuwafuta kwenye daftari. Waliendelea kupokea mishahara, na kule milimani vilichimbwa visima, zikajengwa skuli, zahanati na misikiti. Kweli Oman ilikuwa na mafuta na watu wachache, na Dhofar haina koka. Lakini kuna nchi nyingi zenye fedha zisizofanya hivyo.

Kwa nini nayaandika haya kwa familia zetu? Kwa sababu njia ya dawa za kulevya tunayo mlangoni. Heroini ya Afghanistan hushuka hadi pwani ya Makran, ng'ambo ya bahari yetu, kisha hupakiwa kwenye majahazi kuelekea Afrika Mashariki. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi mbali na pwani ya Kenya. Unga huo ndio unaowamaliza watoto wa ndugu zetu Mombasa na Unguja.

Na jirani zetu wana vijana wengi wenye bunduki. Sudan, Janjaweed wa Darfur waligeuzwa kuwa kikosi cha RSF mwaka 2013, na tangu Aprili 2023 kikosi hicho kinapigana na jeshi la nchi. Yemen nayo ina wapiganaji wa kila upande. Vita hivyo vitakwisha siku moja, inshallah, na picha za bunduki zilizorundikwa zitaonyeshwa tena.

Siku hiyo msitosheke na idadi ya bunduki. Ulizeni vijana hao watalipwa na nani, kwa kazi gani, na kwa miaka mingapi. Ulizeni pia ni nani ameshika bandari na barabara walizokuwa wakizisimamia. Yakikosekana majibu, wapo wafanyabiashara wa unga ambao watawalipa vizuri zaidi, na mapema zaidi, kuliko serikali yoyote.