SMS za programu yako haziendi? Angalia alama ya +

Shule inataka kuwaarifu wazazi kwa SMS kwamba inafunga Ijumaa. Developa ameshaandika programu, salio lipo, lakini wazazi hawapati kitu. Mara nyingi mtandao hauna shida. Shida ni jinsi ombi lilivyopangwa kabla ya kutumwa.

Bahasha na barua

Programu inapotuma ombi la POST kwa seva, hupeleka heda na mwili. Heda ni kama maandishi ya juu ya bahasha: nani anatuma, ndani kuna nini. Mwili ndiyo barua yenyewe.

Chukua mfano wa Africa's Talking, kampuni ya Nairobi inayowapa madevelopa huduma ya SMS. Fomu yake ya SMS hubeba `username`, `to` (namba za wapokeaji) na `message`. Ufunguo wa siri hauingii humo. Unakwenda kwenye heda iitwayo `apiKey`.

Kwa Python, ukitumia maktaba ya requests, mstari ni mmoja tu:

`requests.post(anwani, data=fomu, headers=heda)`

Neno `data` hapo siyo pambo. Linafanya mwili uende kama fomu. Ukiandika `json`, umbo linabadilika, na seva inayosubiri fomu inaweza isione hata namba moja.

Mtego wa +255

Ndani ya fomu, alama ya + husomwa kama nafasi tupu. Kwa hiyo ukiunganisha maandishi ya fomu kwa mkono, +255 inafika bila +. Inatakiwa isafiri kama %2B. Ukiipa requests majina na thamani zake kwenye dikshonari, kazi hiyo inaifanya yenyewe.

Ufunguo usiuanike

Kwa nini ufunguo ukae kwenye heda na siyo kwenye anwani? Kwa sababu anwani kamili huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, ambako watu wengine wanaweza kuzisoma. Pia usiuache ndani ya msimbo unaoupandisha GitHub. Atakayeuokota anaweza kutuma SMS kwa salio lako, na wazazi wakaamini zimetoka shuleni.

Seva ikikataa, soma namba

- 400: ombi lina kasoro, kagua fomu.
- 401: ufunguo haupo au siyo sahihi.
- 415: umetuma mwili wa aina isiyokubalika.

Kabla ya kutuma kwa wazazi wote, anzia kwenye mazingira ya majaribio. Africa's Talking inayo. Humo `username` ni `sandbox`, na anwani na ufunguo wake ni tofauti na vya kazi halisi. Ukihamia kwenye kazi halisi, badilisha vyote vitatu. Kisha tuma kwa namba yako kwanza. Ikiingia, ndipo uwatumie wazazi.