Aliyeugua Akili Naye Apewe Kazi

Mtu akivunjika mguu akapona, jirani humwuliza atarudi lini kazini. Aliyeugua akili haulizwi neno hilo. Twamwandalia chumba cha uani, twampelekea chakula, twamwambia, "Pumzika, mwanetu." Mwaka wapita, na wa pili wapita, naye angali anapumzika. Sisi twadhani twamhurumia, kumbe twamfunga. Hata majina ya hospitali tumeyageuza kuwa matusi: Mirembe kwa watu wa Tanganyika, Kidongo Chekundu kwa watu wa Unguja, Mathari kwa watu wa Nairobi. Mwenye kutoka huko, ni nani atakayemwajiri?

Kanuni waliyoishika madaktari wengi kwa muda mrefu ilikuwa hii: mgonjwa azoezwe kwanza katika karakana ya wagonjwa wenziwe, na atakapothibitika kuwa tayari ndipo atafutiwe kazi ya kweli. Kwa wengi, siku hiyo ya kuwa tayari haikufika kamwe.

Katika mji wa New York, mwaka 1948, watu waliopata kulazwa kwa maradhi hayo, pamoja na wahisani wao, walipata nyumba wakaiita Fountain House. Humo hapana aitwaye mgonjwa. Wote ni wanachama. Chini ya John Beard, aliyeanza kuiongoza mwaka 1955, nyumba hiyo ilieneza mpango ambao sisi twauona ni wa busara sana. Nyumba huenda kwa tajiri ikaomba nafasi moja ya kazi. Mwanachama huifanya kwa miezi kadhaa, nusu siku, kwa ujira ule ule alipwao mtu mwingine yeyote. Akishindwa kwenda, mtu wa nyumba huenda mahali pake, basi tajiri hapati hasara.

Katika miaka ya 1990, Robert Drake na Deborah Becker wa New Hampshire, huko huko Marekani, walikwenda mbele zaidi: mtu atiwe kazini kwanza, kisha asaidiwe akiwa humo. Mwenye kutaka kazi hakataliwi kwa ajili ya jina la maradhi yake, wala hapewi kazi yoyote ile, bali hutafutiwa aipendayo. Msaidizi wake wa kazi hukaa pamoja na daktari na wauguzi. Ikiwa dawa yamletea usingizi wa asubuhi, hilo huzungumzwa, au hutafutwa kazi ianzayo adhuhuri. Tajiri aambiwe khabari za maradhi au asiambiwe, hiyo ni khiari ya mwenyewe. Na msaada haukatwi baada ya mwezi wa kwanza, kwani khasa hapo ndipo shida huanza.

Mpango huu ulijaribiwa katika miji sita ya Ulaya, nao ni London, Ulm, Rimini, Zurich, Groningen na Sofia, kwa watu 312 wenye maradhi mazito. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Katika muda wa miezi 18, waliosaidiwa kwa njia hii, 55 katika kila 100 walipata kufanya kazi walau siku moja. Wa njia ya zamani walikuwa 28. Siku moja ni kipimo kidogo, wala hatukisifu kupita kadiri. Lakini litazameni la pili: waliorudishwa hospitali walikuwa 20 katika 100 kwa hawa, na 31 kwa wale. Wale waliokuwa wakikhofu ya kwamba kazi itamrudishia mtu wazimu, na wayapime hayo.

Kwetu msaidizi wa namna hiyo ni adimu. Walakini sehemu kubwa ya kazi yake yaweza kufanywa na ami mwenye duka au mjomba mwenye kiwanda cha seremala. Amwulize kwanza kijana ataka kazi gani. Amwanzishe kwa saa chache. Siku ya kwenda kliniki ampe ruhusa bila ya kunung'unika, wala asimshauri kuacha dawa ati kwa kuwa sasa amepona. Vijana walioko kazini wasimpachike lakabu. Ujira, hata ukiwa mdogo, autiwe mkononi mwake mwenyewe, si mwa mamake. Na akikosa kuonekana siku mbili, aendewe nyumbani aulizwe khabari, kabla ya mahali pake kupewa mtu mwingine.